Haki ya Uso katika Mbao

Miongoni mwa kazi za mikono zilizozuka Nairobi katika miaka ya karibuni, ambazo wazee wetu hawakuziona wala hawakuzitabiri, imo ile ya kuchoma sura ya mtu juu ya ubao kwa mwali wa leza, kisha kuitia rangi sura hiyo kwa brashi na kwa eabrashi, yaani kile kikalamu cha chuma kinachopuliza rangi nyepesi kwa nguvu ya hewa itokayo katika kompresa. Watu huagiza mbao hizi kwa harusi, kwa mahafali, na kwa kumuaga mwalimu anayestaafu. Lakini aghalabu, kwa kadiri nilivyoona, huziagiza kwa msiba, ili uso wa marehemu ubaki sebuleni baada ya mwili wake kurejea mchangani. Sisi tukaao Nyayo Highrise, katika majumba ya ghorofa yaliyojengwa na Shirika la Taifa la Nyumba pembezoni mwa Kibera, ambapo kutoka dirishani mtu huyaona mabati ya kijiji cha Soweto yakienea chini yake, hatuna haja ya kwenda mbali kuitazama kazi hiyo. Na mimi niliyezoea kusimama mlangoni kwa fundi mmoja, nikivuta harufu ya mbao iliyoungua na ya thina, nimeona kazi yake inazua swali ambalo halistahili kupuuzwa na yeyote mwenye kuitakidi kwamba Mwenyezi Mungu ataulizia kila kilichotendwa na mkono wa binadamu: je, rangi anayoitia fundi juu ya uso wa mtu ni ushahidi, au ni pambo tu? Na kama ni ushahidi, ni nani mwenye haki ya kudai kwamba uwe wa kweli?

Yafaa kwanza ieleweke mashine inafanya nini, maana kulihukumu jambo usilolijua ni dhuluma. Mwali unaotumika katika mashine nyingi za kazi hii hutokana na hewa ukaa iliyofungiwa ndani ya bomba la kioo na kutiwa umeme, na aliyeuvumbua ni Kumar Patel, mtaalamu mzaliwa wa Uhindi, alipokuwa akifanya utafiti katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1964. Mawimbi yake yana urefu wa mikromita 10.6, nao ni mwali usioonekana kwa jicho. Lakini mbao huupokea karibu wote, na palipopokewa mwali huo unyevu hutoka, nyuzi za mti huvunjika, na kinachobakia ni kaboni nyeusi na masizi. Kichwa cha mashine huenda na kurudi, mstari baada ya mstari, kikipiga nukta pale picha ilipo na giza na kunyamaza pale ilipo na nuru, hata uso ukajitokeza polepole kutoka kidevuni hadi utosini au kutoka utosini hadi kidevuni, kwa kadiri ubao ulivyolazwa. Kwa hiyo mashine inajua mambo mawili tu, kuunguza na kutounguza. Haijui kama leso ya bibi ilikuwa nyekundu au ya samawati, wala haijui kama giza la shavuni ni kivuli cha kofia au ni rangi ya ngozi aliyoumbwa nayo mtu yule.

Nafahamu kuna watakaonikatiza hapa na kusema kwamba swali la kwanza si la rangi bali ni la sura yenyewe, kwa kuwa dini imeonya juu ya taswira za wenye roho. Na hao si wa kudharauliwa, kwani katika Hadithi imepokewa habari ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas akamweleza kwamba riziki yake inatokana na kutengeneza sura, naye Ibn Abbas, baada ya kumsomea onyo alilolisikia kwa Mtume, akamshauri kwamba kama hana budi basi atengeneze miti na vitu visivyo na roho. Maulamaa wa zama zetu wamekhitalifiana juu ya picha za kamera, baadhi wakiona kwamba ni kivuli kilichozuiwa tu wala si uumbaji, na baadhi wakiona kwamba onyo ni lile lile. Mimi si mufti, na ndani ya Kibera wamo Waislamu na Wakristo wanaoziagiza mbao hizi bila ya kuningojea mimi. Nayaacha hayo kwa wenye elimu, na naendelea na lile ambalo hata mwenye kuihalalisha picha hawezi kulikwepa.

Kutia rangi nakshi za mbao si bidaa katika nchi zetu. Kule Siyu, katika kisiwa cha Pate, na kwa Wabajuni kwa jumla, milango ilichorwa kwa mikato mifupi ya maumbo ya hesabu, kisha mikato ile ikatiwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, na mwenye nyumba hakuona kwamba rangi imeudhili mti. Majahazi ya Lamu hubandikwa omoni kibao cha duara kilichochongwa na kupakwa rangi, ambacho mabaharia hukiita jicho, na hakuna nahodha aliyedhani kwamba chombo chake kinaona kwa jicho lile. Na hapa hapa Kibera wanawake wa Kinubi, ambao jamaa zao waliwekwa katika ardhi hii mwanzoni mwa karne ya 20 wakiwa ni familia za askari wa King's African Rifles, husuka tabaga za kufunikia chakula kwa rangi kali zenye kukaribiana, na uzuri wa tabaga haumfichi mtu ukindu wake. Katika mifano hii yote rangi inasimama waziwazi na kusema kwamba ni rangi. Anayeinunua kazi anajua ananunua mti uliopakwa na ukindu uliotiwa rangi, na hakuna aliyehadaika.

Mambo huwa mengine rangi inapotumwa kusema kwamba kitu fulani ni kitu kingine. Sanaa ya uchongaji wa biashara katika Ukambani husimuliwa kuwa ilianza na Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, ambaye wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliona kazi za wachongaji wa Tanganyika, akarudi kwao na ujuzi ule; na tangu wakati huo mpingo, mti mweusi mzito usiokua upesi, umetafutwa mpaka ukawa adimu. Ndipo baadhi ya wachongaji na wachuuzi wakachukua mjakaranda, mti mweupe mwepesi unaojaa katika barabara za Nairobi, wakauchonga, wakaupaka rangi ya viatu, wakamuuzia mgeni kwa jina la mpingo. Hapa hapana haja ya mufti. Mtume alipopita sokoni Madina na kutia mkono wake ndani ya fungu la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji chini ya punje kavu, alimwuliza mwenye mali kwa nini asiliweke lile lililonyeshewa juu ili watu walione, na akamtenga mwenye kughushi na umma wake. Rangi ya viatu juu ya mjakaranda ni ile nafaka kavu ya juu.

Basi mtu angeweza kuridhika na kipimo hiki, kwamba rangi inayojitangaza ni halali na rangi inayojificha ni haramu, na fundi wetu wa Nyayo Highrise angekuwa salama, kwa kuwa hakuna mteja asiyejua kwamba uso ule umepakwa. Lakini naona kipimo hiki kinatosha kwa mlango na kwa jahazi, hakitoshi kwa uso wa mtu. Kwani mlango hauna rangi yake ambayo ni haki yake mbele ya Mungu, ilhali mtu anayo. Katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu kumehesabiwa pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi kuwa ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Na kama rangi ya ngozi ni ishara, basi mwenye kuibadili katika taswira ameifuta herufi moja ya maandishi asiyoyaandika yeye.

Na hapa ndipo ufundi wenyewe unapoleta jambo ambalo sikulitarajia. Picha ya mtu mweusi haiwezi kupelekwa katika mashine ya leza kama ilivyo. Ikipelekwa hivyo, mwali huunguza uso wote, na mashavu na kope na mikunjo ya kipaji huzama pamoja katika kaboni, na kinachotoka ni doa lenye umbo la kichwa. Kwa hiyo fundi, kabla ya kuwasha mashine, huiangaza picha katika kompyuta, akaupandisha uso wa marehemu kutoka weusi wake hadi wekundu, na kutoka wekundu hadi karibu na weupe, ili mbao ipate nafasi ya kuonyesha mstari wa tabasamu na kovu la utotoni. Mashine haikukusudia ubaya wala fundi hakukusudia. Bali ubao ni mweupe, moto ni mweusi, na palipo na weusi mwingi hapana nafasi ya kusema kitu. Matokeo yake ni kwamba kila Mwafrika aliyechomwa kwa leza hutoka mashineni akiwa amepunguziwa rangi yake, amekopwa kitu kwa ajili ya kutambulikana.

Jambo hili si la leza peke yake, na lina historia inayouma. Kampuni ya Kodak, katika nusu ya pili ya karne iliyopita, ilizipatia maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke Mzungu, na wafanyakazi wakarekebisha rangi za picha kwa kadiri ngozi yake ilivyotokea. Mtu mweusi aliyekaa karibu na mweupe katika picha moja akatoka macho na meno tu. Lorna Roth, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia huko Kanada, ameeleza jinsi waliosikilizwa walipolalamika kwamba filamu haipambanui rangi za kahawia walivyokuwa watengenezaji wa chokoleti na watengenezaji wa samani, ambao walitaka tofauti ya mbao moja na nyingine ionekane katika matangazo yao. Nililisoma jambo hilo nikasimama nalo kwa muda mrefu. Mbao ilipata haki ya weusi wake kabla ya mtu kuipata, na sasa, katika chumba cha fundi wa mtaani kwetu, ni katika mbao hiyo hiyo uso wa mtu unaingojea haki yake.

Ndiyo sababu nasema rangi ya uso katika kazi hii si pambo, bali ni kulipa deni. Kile kilichochukuliwa katika kompyuta ili moto usiuharibu uso hakina budi kurudishwa kwa mkono, na hakirudishwi ovyo. Fundi huyafagia masizi kwa brashi laini na spiriti, kisha huifunika mbao kwa sila nyembamba na kuingoja ikauke, kwa maana pasipo sila rangi hukimbia ikifuata nyuzi za mti, ikatoka shavuni ikaingia shingoni. Halafu huchanganya kahawia yake: nyekundu ya udongo, manjano, na buluu kidogo ya kuituliza, wala hatii nyeupe, kwa kuwa nyeupe ikiingia katika kahawia ya ngozi humfanya mtu awe wa majivu. Akisha kuyeyusha rangi mpaka iwe inapitisha nuru, huipuliza kwa eabrashi kwa hewa ndogo, tabaka juu ya tabaka, akingoja kila moja ishike. Na kwa kuwa rangi inapitisha nuru, vivuli vilivyochomwa na leza huendelea kuonekana chini yake, kope zikabaki kope na mikunjo ikabaki mikunjo, huku weusi ukirejea juu ya hivyo vyote bila ya kuvimeza. Mwisho hushika brashi ya nywele chache kwa midomo na mboni za macho, na siku ya pili hupaka vanishi. Wapo wanaosema kwamba kazi hii si sanaa kwa kuwa mashine ndiyo iliyochora. Elimo Njau, Mchaga wa Marangu aliyechora katika kuta za kanisa kuu la Murang'a maisha ya Kristo aliye Mwafrika, na ambaye mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa hapa Nairobi, aliwafundisha wasanii kwa miaka mingi kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Naiheshimu kauli hiyo, na naona haimpati fundi wetu. Mashine ndiyo inayonakili. Yeye anaingia mahali ambapo hapana cha kunakili, kwa kuwa hata picha iliyo katika simu hupotoshwa na taa ya sebule na ujanja wa simu yenyewe, na ili aijue rangi ya marehemu lazima aulize watu.

Kuuliza huko ndiko kunakoigeuza kazi kuwa mahakama ndogo. Nilikuwapo siku moja alipokuja mjane mmoja, pamoja na binti yake na shemeji yake, kuiangalia mbao iliyokwisha kuchomwa lakini haijatiwa rangi. Fundi akamwuliza mjane kwa adabu, "Mama, marehemu alikuwa wa rangi gani?" Kabla mama hajajibu, binti akasema, "Mng'arishe kidogo tu, fundi, asitoke mweusi sana. Hivi alivyo sasa kwenye mbao amependeza." Yule shemeji akamgeukia na kusema, "Mwanangu, ndugu yangu hakuwa maji ya kunde. Alikuwa mweusi, na weusi ule tuliutoa kwa mama yetu." Binti akajibu, "Baba mdogo, hii si pasipoti. Ni picha ya nyumbani." Wakanyamaza wote, na mjane akaiangalia ile mbao kwa kitambo, kisha akasema, "Mtie rangi yake. Wajukuu wanaomfanana wasije wakadhani wao ndio waliokosea."

Sitaki kumdhulumu yule binti. Alimpenda baba yake, na katika mji ambao vijana huuita wekundu rangi ya thao, yaani ya noti ya shilingi elfu, na ambao krimu za zebaki na haidrokwinoni bado huuzwa kichinichini ingawa serikali imezikataza, alitaka kumpa baba yake kile ambacho dunia inakiita kizuri. Nia yake ilikuwa njema, na amali huhesabiwa kwa nia. Lakini nia njema ya shahidi haiugeuzi uongo kuwa kweli, na aliyekufa hana mdomo wa kumkosoa shahidi wake. Mtu aliye hai akitaka fundi amng'arishe katika harusi yake, naona ni shauri lake na Mola wake, na fundi atampa nasaha kisha atatii. Ila marehemu hakuomba. Uso wake umekuwa amana mikononi mwa waliobaki, na amana hurudishwa ilivyo, si kama aliyeiweka angalipenda kuiona. Hata yule anayesema kwamba familia ndiyo yenye mali, kwa kuwa ndiyo inayolipa, namjibu kwamba familia inalipia mbao, rangi na siku za fundi, na katika bei hiyo haimo ngozi ya mtu.

Fundi naye anao wajibu wake, na katika kumtazama nimeona kwamba wajibu huo una pande mbili, kusema anachokijua na kunyamaza asichokijua. Familia moja ilimletea picha ya babu yao, iliyopigwa studio zama za mkoloni, nyeusi na nyeupe, mzee amesimama na koti lake zito na bakora mkononi. Kwa rangi ya uso hawakubabaika; walimleta mtoto wake mkubwa aliye hai, mzee wa makamo ambaye jamaa wote walikiri kwamba ndiye nakala ya baba yake, akaketishwa dirishani penye nuru ya asubuhi, na fundi akachanganya kahawia yake huku akiilinganisha na shavu la yule mwana, akiongeza nyekundu, akipunguza manjano, mpaka wote waliokuwapo wakasema ndiyo. Koti ndilo lililoleta mzozo. Shangazi mmoja alisema lilikuwa buluu, la pili akasema lilikuwa kahawia ya jeshi, na kila mmoja alikuwa na habari zake za utotoni za kuthibitisha alilolisema. Fundi aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akafunika uso na mikono aliyokwisha kuipaka, na koti lote akaliacha vivyo hivyo, mbao tupu na mistari yake ya moto, bila tone la rangi. Mjukuu aliyekuja kuichukua kazi alidai apunguziwe bei, kwa hoja kwamba nusu ya picha haikufanywa. "Kijana wangu," fundi alimwambia, "lile koti nimelifikiria siku nyingi kuliko uso," akamtajia bei ile ile. Na kijana, baada ya kuwapigia simu shangazi zake na kuwakuta bado wanashindana, akalipa yote.